Lugha ya Vitokavyo Mwilini: Funzo la Mkojo wa Damu kutoka Kilosa

Utangulizi

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa kwa basi hana budi kupita Mikumi. Barabara kuu inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na humo ndani si mahali pa abiria kushuka na kuingia vichakani, kwa kuwa vichaka vina wenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuingia hifadhini au baada ya kutoka, kondakta hutangaza kwamba gari litasimama dakika chache ili watu wachimbe dawa. Hakuna abiria aulizaye ni dawa gani hiyo, wala atafutaye jembe. Wanaume hushika upande wao, wanawake upande wao, na baada ya kitambo safari huendelea.

Kuchimba dawa ni tafsida iliyotungwa kwa ufundi. Mtu aingiaye porini peke yake, akainama, akakawia kidogo, kisha akatoka bila kueleza alichokuwa akifanya, anafanana kabisa na mganga aliyekwenda kuchimba mizizi, ambaye naye kwa kawaida haulizwi. Msemo huu unamsitiri msemaji, na unamsitiri msikilizaji pia. Hata hivyo, unaficha mengi: haja ni ndogo au kubwa, ni ya kawaida au ya tumbo lililovurugika, ina maumivu au haina. Kwa msafiri hiyo si hasara. Kwa mgonjwa aliyeketi mbele ya tabibu wa zahanati ni hasara kubwa, maana utambuzi wa maradhi mengi huanza na swali juu ya kitu kilichotoka mwilini: kilikuwa na rangi gani, kizito au chepesi, kingi au kidogo, kina damu au hakina.

Mada ya mhadhara huu ni istilahi za vitu hivyo, yaani kinyesi, mkojo, makohozi, usaha, ute na mengineyo ya jamii yake. Mjadala wa istilahi za tiba katika Kiswahili, tangu enzi za Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi kuchapishwa kwa Kamusi ya Tiba ya TUKI mwaka 2003, umeelekea zaidi kwenye maneno yasiyokuwepo: namna ya kuyaunda, kuyakopa na kuyasanifisha. Maneno yaliyopo lakini yasiyosemeka hayajapewa uzito huo. Katika uwanja huu, ndiyo yenye matatizo zaidi. Na mfano ulio bora wa kuyachunguza unapatikana katika wilaya ileile ambamo Mikumi imo, wilaya ya Kilosa, ambako miongo kadhaa iliyopita uchunguzi mzima wa kitabibu ulisimama juu ya maneno machache ya Kiswahili yaliyoelekezwa kwa watoto wa shule.

Maneno yaliyopo na yaliyochafuka

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya vitokavyo mwilini. Mengi huangukia katika ngeli ya ma-, ambayo ndiyo ngeli ya vimiminika: mate, machozi, makamasi, makohozi, matapishi, matongo, mavi. Mengine, hasa ya vitu vyenye kunata au kuvutika, huchukua u-: ute, usaha, udenda, utoko. Mkojo umejitenga katika ngeli ya m-. Maradhi yanayohusiana na vitu hivyo, kwa upande wake, hupenda ki-: kikohozi, kichocho, kisonono, kipindupindu. Mpangilio huu si kanuni isiyovunjika, lakini unampa msemaji tofauti yenye manufaa, yaani tofauti kati ya kitu kinachoonekana kwa macho na ugonjwa unaodhaniwa kukileta.

Makohozi yanaonesha faida hiyo waziwazi. Mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu huombwa alete makohozi. Akileta mate, kipimo hakina maana. Neno lenyewe linabeba maelekezo: limezaliwa na kitenzi kukohoa, na kisichotolewa kwa kukohoa si makohozi. Neno belghamu, lililotoka Kiarabuni na huko likatoka Uyunani, lina historia ndefu katika tiba ya kale, ila halimwambii mgonjwa afanye nini na kikopo alichopewa.

Kitenzi -nya kina kisa tofauti. Ni cha asili ya Kibantu, na kamusi hukipa maana mbili: mvua kuanguka, na mtu au mnyama kutoa mavi. Leo mvua hunyesha. Ni nadra kusikia kwamba mvua yanya, ila katika lahaja na tungo za kale. Yamkini maana moja imeifukuza nyingine: kitenzi kilipochafuka, wasemaji waliiokoa mvua kwa kuipa umbo la kunyesha. Nomino kinyesi, iliyotokana na mzizi huohuo, imepona na inakubalika hata katika maandishi ya maabara. Mavi haikupona. Neno hili lina umri mkubwa na lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu, wala hakuna sababu ya kudhani kwamba lilianza likiwa tusi. Waganda hutofautisha maji na mavi kwa uzito wa konsonanti moja tu, amazzi na amazi, na hilo halijawazuia kuomba maji ya kunywa mbele ya wageni.

Nafasi ya maneno yaliyochafuka hujazwa na tafsida, na tafsida nazo huchakaa. Haja ni uhitaji tu katika Kiarabu na katika Kiswahili. Ikiongezewa ndogo au kubwa, kila mtu anaelewa. Kujisaidia ni kujipa msaada. Msala ni mkeka wa kusalia, lakini msalani ni chooni, pengine kwa sababu ya kujitoharisha kunakotangulia sala. Uani, maliwatoni na bafuni ni majina ya mahali yanayobebeshwa kazi ya kitendo. Orodha hii haina mwisho kwa kuwa kila neno la staha hudumu kwa muda, kisha huanza kunuka kile lilichokuja kukifunika.

Neno choo ndilo lenye utata mkubwa zaidi kwa tabibu. Lina maana ya jengo au shimo, na lina maana ya kinyesi chenyewe. Sarufi hutofautisha maana hizo kwa hila ndogo. Choo cha maana ya jengo kina wingi, vyoo. Choo cha maana ya kinyesi hakina. Aliyekwenda chooni amekwenda mahali. Aliyekwenda choo, bila ile -ni ya mahali, ametoa kinyesi. Kupata choo, kufunga choo, choo kigumu, choo cha majimaji: yote haya ni ya tumbo. Lakini swali fupi kama "Choo kikoje?" linaweza kujibiwa kwamba kiko nyuma ya nyumba na kimeezekwa kwa bati, na mjibuji asiwe na kosa lolote. Maana ya jengo, zaidi ya hayo, imetiwa nguvu na dola. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza na kufikia watu takriban milioni 2, iliwahimiza wananchi kuchimba vyoo. Kampeni ya Nyumba ni Choo ya miaka ya 2010 ilirudia wito huo kwa lugha ya mjini. Kizazi kilicholelewa na matangazo hayo kinapolisikia neno choo, kuta na mlango huja akilini kwanza.

Kuhara nako kuna mgawanyiko wake. Sarufi ya vitabuni ingetaka mtoto ahare na dawa imharishe, ila Watanzania wengi husema mtoto anaharisha, na wengine husema anaendesha, kama dereva. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuhara kuwa ni kupata choo chepesi mara 3 au zaidi kwa siku. Neno la Kiswahili halina idadi ndani yake. Kuna mama ambaye kwake mara 2 ni kuhara, na mwingine ambaye mara 5 za mtoto anayenyonya si kitu. Hapo tabibu analazimika kuacha istilahi na kuomba maelezo, na maelezo mazuri ya Kiswahili hutoka jikoni. Choo cha mgonjwa wa kipindupindu huelezwa kuwa ni kama maji ya mchele. Katika wilaya inayolima mpunga kama Kilosa, hakuna mtu ambaye hajawahi kuosha mchele au kuona ukioshwa.

Swali lililoulizwa Kilosa

Kilosa ni wilaya ya mkoa wa Morogoro, kwao Wasagara, Wakaguru na Wavidunda; sehemu ya Gairo ilimegwa mwaka 2012 na kuwa wilaya nyingine. Reli ya kati inapita mjini Kilosa kando ya mto Mkondoa, na tawi lake linashuka kusini kupitia Mikumi hadi Kidatu. Mashamba ya katani ya Kimamba na kwingineko yaliwavuta vibarua kutoka pande nyingi za nchi, na wafugaji wa Kiparakuyo wana makazi yao nyandani. Katika mchanganyiko huo, Kiswahili si lugha ya ofisini tu. Ni lugha ya soko, ya kambi ya katani na ya uwanja wa shule. Tangu mwaka 1967 kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na jambo hilo, kama itakavyoonekana, lilikuwa na uzito wa kitabibu.

Kichocho cha mkojo husababishwa na mnyoo unaoishi katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliugundua mjini Cairo mwaka 1851. Mayai yake yana mwiba. Hutoboa ukuta wa kibofu na kutoka pamoja na mkojo, na njiani huchana nyama na kutoa damu. Yakifika majini huanguliwa, vimelea huingia katika konokono, na baadaye hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kuvuka kijito. Watoto wa umri wa shule ndio wanaoathirika zaidi. Tangu kupatikana kwa dawa ya prazikwanteli, inayomezwa na kufanya kazi vizuri hata kwa dozi moja, tatizo la wilaya halikuwa tena tiba. Tatizo lilikuwa kujua ni shule zipi zinahitaji dawa hiyo kwanza, ilhali kupeleka wataalamu na hadubini katika kila shule kulikuwa na gharama isiyobebeka.

Christian Lengeler na wenzake walishughulikia swali hilo. Walikuwa watafiti wa kituo cha Ifakara, kilichoanzishwa na Waswisi mwaka 1957 na ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1991, mengine katika jarida la Shirika la Afya Duniani, kwa jina ambalo tangu hapo limedumu katika fasihi ya tiba: uzoefu wa Kilosa. Njia yao ilikuwa na hatua mbili. Kwanza, hojaji fupi zilipelekwa shuleni kwa mkondo wa kawaida wa utawala wa elimu, na walimu wakawauliza wanafunzi maradhi na dalili walizowahi kupata siku za karibuni. Kichocho na damu katika mkojo vilikuwa vimechanganywa na maradhi na dalili nyingine, ili mwalimu wala mtoto asijue ni lipi hasa linalosakwa. Pili, katika shule zilizoonekana kuwa na hatari, walimu wenyewe walipima mkojo wa wanafunzi kwa vijiti vyenye karatasi iliyotiwa dawa, inayobadilika rangi ikigusana na damu.

Majibu ya watoto yalikubaliana vizuri na vipimo. Shule ambazo watoto wengi walisema wana kichocho au wanakojoa damu ndizo zilizokuwa na maambukizi mengi. Na shule ambazo watoto hawakusema hivyo ziliweza kuachwa bila hofu kubwa ya kukosea. Gharama ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ile ya kikosi cha wataalamu kwenda shule hadi shule. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika na kundi la watafiti lililojulikana kwa jina la mkojo mwekundu, na hojaji za namna hiyo zikawa chombo cha kawaida katika mipango ya kudhibiti kichocho.

Wataalamu wa tiba walieleza mafanikio hayo kwa hesabu. Mtaalamu wa lugha ana la kuongeza. Chombo kilichofanya kazi ile hakikuwa karatasi ya hojaji, kwa maana karatasi haioni damu. Kilikuwa ni tungo ya Kiswahili ambayo mtoto wa miaka 10 anaielewa bila kufafanuliwa, anaweza kuijibu mbele ya mwalimu bila kufa kwa aibu, na ambayo inataja kitu alichokiona mwenyewe. Sifa hizo tatu hazikutani mara nyingi.

Mkojo ni neno lisilochafuka sana. Kukojoa si neno la mezani, lakini si tusi. Mama humwambia mtoto akojoe kabla ya kulala, na mwalimu anaweza kulitamka darasani. Kiswahili, aidha, kina muundo wa kitenzi unaofaa mno kwa kazi hii: kitenzi cha kutoa kinachofuatwa moja kwa moja na damu. Kukojoa damu, kuhara damu, kutapika damu, kukohoa damu. Muundo huu hauhitaji kihusishi wala ufafanuzi. Mtu anayekojoa damu anaeleweka na mzee wa Kisagara, kibarua wa katani na daktari kwa pamoja. Tena lugha ina majina mawili, la kitu na la ugonjwa, mkojo wa damu na kichocho, na hojaji iliuliza yote mawili. Aliyelikosa jina la ugonjwa alilipata la kitu.

Jina la lile kundi la mkojo mwekundu linastahili tanbihi hapa. Lingefanywa swali la Kiswahili, lisingefaa. Rangi nyekundu katika Kiswahili ina eneo pana. Inameza kahawia na manjano iliyokolea. Mtu aliyekata katani mchana kutwa bila maji ana mkojo mwekundu, na hana mnyoo wowote. Mkojo wa damu hautaji rangi bali kitu, na kwa hiyo unamtoa huyo katika hesabu. Wahudumu wa afya nchini hutumia mbinu kama hiyo wanapoonya juu ya malaria kali kwa kutaja mkojo wa rangi ya Coca-Cola. Hakuna baraza la lugha lililokaa kuusanifisha msemo huo, na hauna haja ya kusanifishwa.

Damu katika choo

Kuna kichocho cha aina ya pili, cha matumbo, ambacho mayai yake hutoka na kinyesi. Hojaji za namna ya Kilosa zilipojaribiwa kwa aina hiyo, katika nchi mbalimbali, hazikufua dafu kama za mkojo. Sababu za kibiolojia zipo na zinajulikana: damu katika kinyesi si dalili ya kudumu, na huletwa na mambo mengine mengi, kama amiba na bawasiri. Lakini kwa upande wa Kiswahili kuna sababu nyingine, ambayo haionekani katika majedwali ya takwimu.

Ule muundo wa kitenzi na damu una pengo palepale unapohitajika. Kukojoa damu kunasemeka. Kuhara damu kunasemeka, ila kunamaanisha pia kwamba tumbo linaendesha. Mtoto mwenye choo cha kawaida kilichochanganyika na damu atajibu, kwa haki kabisa, kwamba hahari damu. Kitenzi ambacho kingesema jambo lenyewe kwa ufupi, yaani kunya damu, hakitamkiki mbele ya mwalimu. Kinachobaki ni mzunguko: kupata choo chenye damu, kuona damu katika choo, kuona damu wakati wa haja kubwa. Mizunguko hii ina adabu, lakini inamrudisha mtoto kwenye utata wa neno choo; damu iliyoonekana chooni huenda ikawa ni ya mtu mwingine aliyetangulia kuingia.

Halafu lipo shimo lenyewe. Mvulana akojoaye kando ya njia anauona mkojo wake. Aliyechuchumaa juu ya choo cha shimo chenye giza haoni kitu, na ufanisi wa Mtu ni Afya, uliookoa watu na maradhi mengi, uliwaondolea pia nafasi ya kukiona kinyesi chao. Swali linalomtaka mtu aeleze asichokiona haliwezi kuokolewa na istilahi, hata iwe sanifu kiasi gani.

Uchunguzi wa baadaye ulibaini upungufu mwingine, wa mkojo wenyewe. Wasichana walikiri damu kwa uchache kuliko wavulana. Sehemu ya jambo hili ni aibu. Sehemu nyingine ni kwamba msichana aliyevunja ungo ana damu ya aina ya pili, ambayo mwalimu mwanamume hapaswi kuisikia, na njia rahisi ya kuiepuka ile isiyosemeka ni kuzikana zote mbili.

Uchafu

Msichana huyo akishakua, neno jingine linamsubiri. Katika mabango, vipeperushi na mazungumzo ya kliniki, majimaji yatokayo katika uke huitwa uchafu. Mwanamke huulizwa kama anatokwa na uchafu; naye, kabla hajaulizwa, husema kwamba ana uchafu. Neno hili lilichaguliwa kwa staha, na hapana shaka waliolichagua hawakutaka kumdhalilisha mtu. Lakini ni istilahi mbaya, na ubaya wake ni wa aina mbili.

Kwanza, halitofautishi. Uke wenye afya hutoa ute, unaobadilika wingi na uzito katika siku za mwezi, na huo si ugonjwa. Usaha wa kisonono ni ugonjwa. Ute mzito kama maziwa mgando unaoletwa na fangasi ni kitu cha tatu, na majimaji yenye damu ni cha nne. Yote yakiitwa uchafu, mwenye afya hujiona mgonjwa, na mgonjwa hana namna ya kusema ugonjwa wake ni upi. Pili, uchafu ni neno la maadili. Uchafu hupatikana kwa kutojisafisha au kwa mwenendo usiofaa. Anayeambiwa ana uchafu amekwisha kuhukumiwa, na wengi huenda kujiosha kwa sabuni na dawa kali ndani ya uke, jambo linaloharibu kinga ya asili na kuzidisha matatizo.

Si kwamba Kiswahili kilikosa maneno. Utoko ni jina halisi la ute wa uke, lililozaliwa na kutoka, na kamusi zimelihifadhi. Masikioni mwa wengi leo limekwisha kuwa tusi. Pwani, elimu ya fiqhi imefundisha kwa karne nyingi mgawanyo ambao kliniki za sasa zingeuonea wivu. Hedhi ni damu ya mwezi, na katika madhehebu ya Shafii haizidi siku 15. Nifasi ni damu ya uzazi, na haizidi siku 60. Damu inayopita mipaka hiyo ni istihadha, nayo haizuii sala, kwa kuwa huhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Manii, madhii na wadii ni vitu vitatu, kila kimoja na hukumu yake ya tohara, vikitambuliwa kwa rangi, uzito na wakati wa kutoka. Wanafunzi wa chuoni, wavulana kwa wasichana, wameyajifunza hayo kwa Kiswahili bila kucheka, kwa sababu ibada yao ilitegemea kuyajua. Haya hayakuingia katika lugha ya zahanati za bara, ambazo wahudumu wake walisomeshwa udaktari na uuguzi kwa Kiingereza na kuachiwa wajitafutie wenyewe namna ya kuzungumza na wagonjwa. Pendekezo la kuyahamisha maneno ya fiqhi moja kwa moja lingekuwa na mushkeli, kwa kuwa hayajulikani kwa wote na yana hukumu za dini ndani yake. Lakini yanatosha kuivunja dhana kwamba Kiswahili kwa tabia yake hakiwezi kuwa wazi katika mambo haya.

Gharama ya neno uchafu inaonekana zaidi pale kichocho kinaporudi. Mayai ya mnyoo wa kichocho cha mkojo hayaishii katika kibofu. Kwa wanawake wengi hufika katika shingo ya kizazi na kuta za uke, yakaleta vidonda, maumivu, damu baada ya tendo la ndoa, na majimaji yasiyo ya kawaida. Hali hiyo huweza kumzuia mwanamke kushika mimba, na vidonda vyake hudhaniwa kurahisisha maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Mwanamke wa namna hiyo akifika kliniki akasema ana uchafu, mwongozo wa kutibu kwa dalili, uliotungwa kwa ajili ya mahali pasipo na maabara, humwelekeza mhudumu kwenye magonjwa ya zinaa. Atapewa viuavijasumu vya kisonono na klamidia, ambavyo havimdhuru mnyoo. Ataambiwa amlete mume. Nyumbani kutakuwa na maswali ambayo hayana jibu, kwa kuwa hakuna aliyetoka nje ya ndoa. Kilichotokea ni kwamba miaka 20 iliyopita alikuwa akifua nguo mtoni.

Mnyoo ni uleule. Alipokuwa darasa la tatu na kuulizwa kama anakojoa damu, lugha ilimpa neno la kujibu, na shule yake ikapata dawa. Sasa lugha inampa neno moja tu, nalo linamshitaki. Tofauti kati ya nyakati hizo mbili haikuletwa na ukosefu wa istilahi katika kamusi. Kamusi ya Tiba na nyinginezo zina maneno ya kutosha kwa daktari anayeandika. Kilichokosekana ni swali la kuulizwa kwa mdomo, lililojaribiwa kwa wanawake wenyewe kabla ya kuandikwa, kama lilivyojaribiwa lile la watoto wa Kilosa.

Vipande vya swali hilo vimo tayari katika Kiswahili cha kila siku. Ute si tusi na si hukumu, majimaji pia. Vyote viwili hukubali kuelezwa kwa rangi, kwa harufu na kwa vitu vya jikoni, kama choo cha kipindupindu kilivyokubali maji ya mchele. Kutokwa ni kitenzi kisichomlaumu mtu, kwa sababu anayetokwa hakutenda. Na katika wilaya yenye mito kama Kilosa, mkunga au tabibu anayemsikiliza mwanamke wa Mikumi akieleza majimaji yenye damu anaweza kuongeza swali moja ambalo halina aibu yoyote ndani yake, nalo ni la mahali alipokuwa akioga na kufua alipokuwa mtoto.